Nifunge maabara, nisubiri kamati, au nirudi kwa mama?

Barua ya msomaji

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Moshi, mwalimu wa fizikia katika chuo kidogo cha elimu huria hapa Ohio. Ni vile vyuo vinavyotoa shahada ya kwanza tu, ambako anayesomea fizikia husoma pia falsafa, historia na muziki, na mwalimu anamjua kila mwanafunzi kwa jina. Chuo kizima kina wanafunzi wapatao 1,500. Idara yetu ina walimu watatu. Cheo changu ni profesa msaidizi, na niko mwaka wa tano wa kipindi cha majaribio. Septemba ijayo nawasilisha jalada langu kwa kamati inayoamua nani apewe ajira ya kudumu. Asiyepewa huongezewa mwaka mmoja wa kutafuta kazi kwingine, basi.

Nyumbani wakisikia "profesa Marekani" wanadhani nina wasaidizi. Hapa hakuna wanafunzi wa uzamili, kwa hiyo hakuna wa kunisahihishia wala wa kunisimamia maabara. Muhula huu nina fizikia ya mwaka wa kwanza kwa wanaojiandaa kusomea udaktari, vipindi vitatu kwa wiki, pamoja na vikundi viwili vya maabara vya saa tatu kila kimoja. Juu yake nina mekanika ya kwanta. Ni saa 12 za kusimama mbele ya wanafunzi kila wiki, kabla sijasahihisha ripoti 24 za maabara, kabla sijatengeneza vigari vya majaribio vilivyovunjika magurudumu na kuagiza fyuzi za mita za umeme. Kazi hii naipenda, wala sijaandika kuilalamikia. Tatizo langu ni maabara yangu ya utafiti.

Nilipoajiriwa nilipewa fedha za kuanzia, nikajenga mtambo wa kunasa atomu za rubidi kwa leza: leza mbili za diodi za nanomita 780, chemba ya ombwe na pampu zake, koili za sumaku, vioo vingi. Kiangazi kilichopita mimi na mwanafunzi wa mwaka wa tatu tuliwasha kamera ndogo ya ulinzi, ile inayoona mwanga ambao jicho halioni, na katikati ya skrini likatokea doa jeupe dogo kama punje ya mtama. Zilikuwa atomu zetu. Yule binti alizima koili, doa likapotea, akawasha, likarudi. Alifanya hivyo mara nyingi bila kusema kitu, kisha akaenda kuwaita wenzake wa idara ya kemia waje waone. Sasa anaomba nafasi za uzamivu.

Lakini hatujapata takwimu za kutosha kuandika makala. Chuo hupunguza joto la majengo kila Ijumaa jioni ili kubana matumizi, na Jumatatu asubuhi leza zinakuwa zimehama. Siku inaishia kukaza na kulegeza skrubu za vioo. Mwanafunzi akishaelewa mtambo, anahitimu. Tangu nifike hapa nimechapisha makala moja tu, tena kwa takwimu nilizotoka nazo kwenye uzamivu. Mwenzangu mmoja ameniambia kamati inataka angalau tatu.

Kuna na mengine. Mzee wetu wa idara anastaafu mwakani, na mkuu wa taaluma amesema nafasi yake "itaangaliwa baadaye". Tunahitimisha wanafunzi wa fizikia kama wanne kwa mwaka, na minong'ono ya kufuta idara ndogo imeanza. Halafu tathmini za wanafunzi. Tangu niache kuhutubia saa nzima na kuanza kuwagawa darasani katika vikundi vya watatu watatu wakokotoe wenyewe, alama zangu zimeshuka. Mmoja ameandika kwamba hafundishwi, anajifundisha. Mwingine ametaja lafudhi yangu.

Upande wa karatasi, viza yangu ya kazi, H-1B, inafikia kikomo cha miaka sita baada ya mwaka na nusu. Ombi la mwajiri, I-140, lilikubaliwa mwaka jana. Hatua ya mwisho ya kupata ukaazi wa kudumu (green card), I-485, ofisi ya chuo imeniambia tusubiri uamuzi wa kamati.

Na nyumbani, baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama alipata kiharusi chepesi mwaka jana. Anatembea, lakini mkono wa kushoto haujarudi sawasawa. Kaka yangu anasema nimekaa ughaibuni vya kutosha, kwamba mtoto wa kike ndiye wa kumwangalia mama, na kwamba nafasi imepatikana. Ni kweli: chuo kikuu kimoja cha nyumbani kimenipa nafasi ya uhadhiri, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa Mei. Mjomba naye amepiga simu kusisitiza.

Je, nifunge maabara nielekeze nguvu kwenye kufundisha ili nipate ajira? Niombe mwaka wa nyongeza kabla ya kamati? Au nikubali kwamba mlango huu umefungwa, nirudi?

Mwalimu wa Fizikia, Ohio

Jibu la Mshauri

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba, na pole kwa ugonjwa wa mama. Barua yako imeandikwa na mtu anayeipenda kazi yake, na hilo nimelishika tangu aya za mwanzo.

Nikikusikia vizuri, umebeba mambo matatu ukayafunga kamba moja: kama utapata ajira ya kudumu, kama maabara yako ina maana yoyote mahali hapo, na kama kubaki Ohio ni kumtelekeza mama. Umeyafunga hivyo kwa sababu tarehe zake zimekaribiana, Mei kwa Septemba. Lakini kila moja lina mafundo yake, na baadhi ya mafundo yamekazwa na maneno ya watu wengine, si na kanuni. Naomba tuyafungue taratibu.

Tuanze na maabara, kwa kuwa ndiko unakojilaumu zaidi. Unasema mwanafunzi akishaelewa, anahitimu, kana kwamba kikwazo ni wanafunzi. Piga hesabu nami. Kiangazi cha utafiti kwa kawaida ni wiki 10 za saa 40, yaani saa 400. Toa wiki tatu za kujifunza mtambo na usalama wa leza, toa mbili za mwisho za kuandaa bango na ripoti, zinabaki saa 200. Kama kila Jumatatu inaliwa na kurekebisha leza, umebaki na 160. Wakati wa muhula, mwanafunzi anayekuja saa nne kwa wiki kwa wiki 14 anakupa saa 56, tena za vipande vipande. Mtambo wa kunasa atomu ulibuniwa katika maabara zenye wanafunzi wa uzamivu wanaolala nao miaka mitano. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama una uwezo, uliza kama jaribio hili, kwa umbo lililonalo sasa, linatosha ndani ya saa 160.

Suala la joto la jengo linatibika, na kwa fedha kidogo. Kidhibiti joto kilicho ndani ya leza hushika diodi peke yake. Hakishiki meza, wala mikono ya vioo, wala kipande cha alumini kinachobeba wavu wa kuchagulia rangi. Diodi ya kawaida isiyodhibitiwa huhama takriban robo nanomita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwenye nanomita 780 hiyo ni kama gigahezi 120, na mstari wa rubidi unaoutafuta una upana asilia wa megahezi 6. Ukiona uwiano huo unaelewa kwa nini hata mabaki madogo ya mabadiliko ya joto yanatosha kukuharibia Jumatatu. Jengea kila leza sanduku la mbao za povu zenye unene wa sentimita 5, na bamba la chini la leza lipate kidhibiti chake cha pekee, kiwekwe nyuzi chache juu ya joto la chumba ili kifanye kazi ya kupasha tu. Kisha weka kihisi joto kinachorekodi kila dakika tano, mfululizo kwa wiki mbili. Mchoro utakaopatikana, wenye shimo la kila wikendi, upeleke kwa idara ya majengo pamoja na ombi la maandishi kwamba chumba kimoja kiondolewe kwenye ratiba ya kupunguza joto. Watu wa majengo husikiliza mchoro kuliko malalamiko. Wasipokubali, barua hiyo ina kazi nyingine: inaingia kwenye jalada kueleza kilichochelewesha.

Kuna na urithishaji. Mwanafunzi wa mwaka wa nne asiondoke kabla hajakaa na wa mwaka wa kwanza kuanzia Januari hadi Mei, na kila mmoja awe na ukurasa mmoja wa hatua za kuwasha: maji au feni kwanza, kisha mkondo wa diodi, kisha alama za ufyonzwaji kwenye osiloskopu, na picha ya alama hizo zinavyopaswa kuonekana. Ukurasa huo ni bora auandike mwanafunzi mwenyewe. Wewe utaruka hatua unazozifanya bila kufikiri, na hapo ndipo wanapokwama.

Sasa swali lako la kufunga. Je, ni lazima kuchagua kati ya mtambo mzima na hakuna kitu? Leza zako mbili zinaweza kufanya fizikia bila chemba ya ombwe. Chupa ndogo ya kioo yenye mvuke wa rubidi hugharimu dola mia chache, na kwenye joto la chumba tayari inafyonza mwanga wa kutosha. Ukiipasha hadi nyuzi 40 au 50 alama zinakuwa nene zaidi. Kwa chupa hiyo mwanafunzi anapata takwimu ndani ya wiki yake ya pili. Upimaji wa usumaku, yaani kutumia atomu hizo kupima nguvu ya uga wa sumaku, ni mfano mzuri. Rubidi-87 hujibu kwa takriban hezi 7 kwa kila nanotesla. Koili mbili za nusu kipenyo cha sentimita 15, mizunguko 50 kila moja, zikiwa zimetenganishwa kwa umbali ulio sawa na nusu kipenyo, zikipitishiwa mkondo wa ampea 0.1, zinakupa mikrotesla 30 hivi, na masafa unayoyatafuta yanaangukia karibu na kilohezi 210. Vyombo vyako vya kufundishia elektroniki vinaweza kusoma hayo. Mtambo wa kunasa atomu unaweza kubaki ukiwashwa kiangazi tu, kwa mwanafunzi mmoja mwenye moyo nao, kama yule binti.

Njia hiyo ina hatari zake, nisikufiche. Uwanja wa upimaji usumaku kwa mvuke una watu wengi, na wasomaji wa nje wa jalada lako watauliza jipya liko wapi. Pia mabadiliko ya mwelekeo mwaka mmoja kabla ya kamati yanaweza kusomeka kama kukata tamaa, usipoyaeleza wewe mwenyewe mapema. Na makala kuhusu majaribio ya kufundishia, yale yanayochapishwa na American Journal of Physics, vyuo vingine huyahesabu kama utafiti kamili, vingine huyaweka kwenye kapu la ufundishaji. Tofauti hiyo lazima uijue kabla hujaandika hata mstari.

Hapo tunafika kwenye zile "makala tatu". Nani kasema? Mwenzako. Kitabu cha kanuni za walimu kinasema nini? Vyuo vingi vya aina yako huandika maneno mapana kama "utafiti endelevu unaotambuliwa na wanataaluma wenzake", bila idadi. Kama idadi haimo, basi "tatu" ni kumbukumbu ya mtu kuhusu jalada fulani la zamani. Omba kikao na mkuu wa taaluma na mkuu wa idara, waulize wanaelewaje kigezo hicho kwa fizikia ya majaribio, kisha siku hiyohiyo watumie barua pepe ya shukrani inayorudia walichosema. Ile ripoti ya mapitio ya mwaka wa tatu itoe kabatini uisome upya. Kama iliandika "ongeza uchapishaji", kamati itauliza ulifanya nini. Kama ilisifu utafiti na wanafunzi, hilo ni shahidi wako.

Kumbuka kamati hiyo ni watu wa fasihi, historia, biolojia, pengine muziki. Hawajui kwamba kushusha ombwe la chemba kunaweza kula wiki kadhaa za kuoka na kusubiri. Wanategemea barua za wanafizikia wa nje. Ukiruhusiwa kupendekeza majina, chagua walio katika vyuo vinavyofanana na chako kwa mzigo wa kufundisha. Mwanafizikia wa chuo kikuu kikubwa cha utafiti anaweza kukusifu kwa dhati na bado akakuumiza kwa sentensi moja ya kulinganisha.

Vyuo hivi vidogo vina heshima kubwa katika fizikia, na huhitaji kuomba radhi kwa kuwa huko. Arthur Compton, aliyepata Nobel mwaka 1927, alihitimu Wooster hapo hapo Ohio mwaka 1913. Robert Millikan, naye mshindi wa Nobel ya fizikia, alisoma Oberlin, chuo kingine cha Ohio. Kazi ya mwalimu wa mahali kama hapo hupimwa pia kwa alikokwenda mwanafunzi wake, na hiyo inastahili ukurasa mzima katika jalada: majina, walichofanya maabara, walipo sasa.

Kuhusu tathmini, nakuomba usizichukue kama kioo. Katika darasa la watu 12, kama 11 wamekupa 4.4 na mmoja mwenye hasira amekupa 1, wastani unashuka hadi 4.1, na kamati inaona "kushuka". Tena kuna jambo limepimwa. Utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha wanafunzi wa fizikia waliohutubiwa vizuri na waliofanya kazi kwa vikundi: wa vikundi walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Malalamiko ya "anajifundisha mwenyewe" ndiyo sura ya hali hiyo. Kwa hiyo leta kipimo kingine. Ule mtihani wa dhana za nguvu (Force Concept Inventory), uliotolewa kwanza mwaka 1992 na ambao sasa una maswali 30, wape wiki ya kwanza na wiki ya mwisho, ukokotoe sehemu ya pengo waliyoiziba. Uchambuzi wa mwanafizikia Richard Hake wa mwaka 1998, wa wanafunzi zaidi ya 6,000, ulipata wastani wa 0.23 kwa mihadhara ya kawaida na 0.48 kwa madarasa ya kushirikisha. Ukipata 0.4 na zaidi, una namba ambayo hata mwalimu wa historia anaielewa. Darasani, tumia dakika kumi za wiki ya kwanza kueleza kwa nini mnafanya hivyo, na wiki ya tano waulize kwa karatasi isiyo na jina kinachowasaidia na kinachowakwamisha, kisha ubadilishe kitu kimoja wakuone umekibadilisha. Upande wa lafudhi, taja kwa mkuu wa idara kwa maandishi kwamba maoni hayo yapo. Kamati zinapaswa kujua zisome vipi maneno ya namna hiyo. Na imeniuma kuisoma.

Mwaka wa nyongeza je? Vyuo vingi huruhusu kusimamisha hesabu ya kipindi cha majaribio kwa mwaka mmoja kwa sababu ya ugonjwa wa mzazi, na sababu unayo. Faida yake ni kiangazi kimoja zaidi cha takwimu. Hasara yake ni kwamba idara yako inaweza kuonekana tofauti mwaka huo: mzee ameshaondoka, wewe na mwenzako mnabeba kozi zote, na yawezekana ukasukumiwa uongozi wa idara kabla hujathibitishwa. Ukiomba, omba barua inayosema wazi kwamba jalada litapimwa kwa kigezo kilekile, kana kwamba ni miaka sita.

Na hapa kuna dhana niliyotaka kuigusa kwa upole: kwamba ajira ya kudumu itamaliza hofu. Ajira hiyo inakulinda dhidi ya mtu; haikulindi chuo kikifuta idara au kikifunga milango. Vyuo vya Birmingham-Southern, Alabama, na Wells, New York, vilifungwa mwaka 2024. Watoto waliozaliwa Marekani walianza kupungua baada ya 2007, na upungufu huo sasa umefika umri wa chuo. Kwa hiyo, kamati ikikukubali au isikukubali, hoja ya idara inahitaji kujengwa. Usimwache mkuu wa taaluma ahesabu wahitimu wanne peke yake. Mhesabie viti: wanafunzi wa kemia, biolojia, hisabati na wa maandalizi ya udaktari wanaopita fizikia kila mwaka. Bila idara, hao watafundishwa na nani? Mekanika ya kwanta na sumaku-umeme zinaweza kupokezana mwaka hadi mwaka, na makubaliano ya uhandisi ya miaka mitatu chuoni kwenu na miwili chuo kikuu kingine huleta wanafunzi wasiohitaji mwalimu mpya wa fizikia. Ila hayo yote ni saa za mtu, na mtu mwenyewe ni wewe.

Jambo la karatasi limenishtua, na ningekuomba ulitazame wiki hii. Ombi la I-485 ni lako binafsi. Linategemea tarehe yako ya foleni katika taarifa ya viza ya kila mwezi. Uamuzi wa kamati haumo katika masharti yake. I-140 ya nafasi iliyo kwenye njia ya ajira ya kudumu imeshakubaliwa. Kwa nini basi usubiri? Huenda ofisi ina sababu. Waulize ni ipi. Lakini pia tafuta wakili wako, asiyelipwa na chuo. Muulize kuhusu siku 180: I-485 ikishakaa muda huo bila uamuzi, sheria huruhusu kuhamia kazi inayofanana bila kuanza upya, na I-140 iliyokubaliwa zaidi ya siku 180 huhifadhi tarehe yako ya foleni hata mwajiri akijitoa. Muulize pia kuhusu kuongeza H-1B kupita miaka sita kwa msingi wa I-140 hiyo. Ukijibiwa vizuri, uchaguzi wako hautakuwa tena kati ya kamati na ndege. Na kama kazi ikikatika ukiwa kwenye H-1B pekee, una siku 60 tu; ujue na hilo.

Tuje nyumbani. Nafasi uliyopewa ni ya heshima, na kurudi si kushindwa. Lakini umeiita "kurudi kwa mama" bila kuniambia chuo hicho kiko mji gani. Kutoka Dar es Salaam au Dodoma hadi Moshi ni safari. Hutakuwa unashinda naye. Omba maelezo kabla ya Mei: mkataba ni wa kudumu au wa miaka, darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi, kuna chumba cha leza chenye umeme uliotulizwa, vifaa vya utafiti vinaingizwa kwa utaratibu gani bandarini na ushuru analipa nani. Waulize pia kama wanaweza kukusubiri mwaka mmoja, au kukuanzisha kama mhadhiri mgeni. Yapo madaraja: ushirika wa Carnegie kwa wasomi waliozaliwa Afrika, ulioanzishwa 2013, umewahi kulipia ziara za siku 14 hadi 90 katika vyuo vya nchi sita, Tanzania ikiwamo; uliza kwanza kama bado unapokea maombi. Taasisi ya fizikia ya Kigali, EAIFR, iliyofunguliwa 2018, iko jirani. Jaribio la chupa ya mvuke linaingia kwenye sanduku la safari, jambo ambalo chemba yako ya ombwe haiwezi. Uga wa sumaku wa dunia huko kwetu ni dhaifu kuliko wa Ohio kwa zaidi ya theluthi, na kulinganisha vituo viwili kwa kifaa kilekile ni kazi ambayo wanafunzi wa pande zote mbili wangeweza kuibeba.

Kama mama atahitaji mtu wa karibu kwa ghafla, sheria ya FMLA ya mwaka 1993 inakupa hadi wiki 12 za likizo bila malipo kumwuguza mzazi, ukiwa umeajiriwa zaidi ya mwaka kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi. Viza ya kazi haikuondolei haki hiyo. Kabla hujasafiri, hakikisha na wakili kwamba muhuri wa viza kwenye pasipoti haujaisha.

Mwanangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Kaka amesema, mjomba amesisitiza. Mama hajasema neno. Hukuandika kama anataka urudi, kama anafurahia ulipofika, nani anamfanyisha mazoezi ya ule mkono, wala kama kinachompungukia ni mtoto wa kukaa naye au ni fedha ya mtaalamu wa viungo wa kuja nyumbani mara mbili kwa wiki. Kaka yako anastahili kusikilizwa, maana yeye ndiye aliye karibu na pengine amechoka. Muulize na hilo, bila ugomvi. Lakini mama mpigie wakati kaka hayupo pembeni, umweleze tarehe zako kama zilivyo, Mei na Septemba, umwache azungumze. Muulize kama angependa uje Desemba kwa wiki tatu au baada ya mahafali ya Mei kwa miezi miwili. Kalenda ya chuo inaruhusu zote mbili, ila ya Mei itakula kiangazi cha maabara, kwa hiyo jibu lake ulipate kabla hujawaahidi wanafunzi nafasi.